Maman Abigaël Nsimire, Aliyevalisha Watu

Ndugu na marafiki, Jumapili iliyopita Maman Abigaël alikuwa kwenye misa, akiimba kwa sauti kuliko kwaya. Leo Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025 mmeitwa kumzika. Familia yenyewe haijaelewa, basi msishangae msomaji wa wasifu huu akikwama.

Maman Abigaël Nsimire alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 huko Kadutu, Bukavu, akiwa kifungua mimba wa Papa Cirhuza, fundi seremala. Alisoma hukohuko, akapata diploma ya coupe et couture, yaani kukata na kushona nguo, mwaka 1985. Mwalimu wake alimlalamikia kwamba anauliza maswali mengi kuliko anavyoshona. Alikuwa na haki ya kulalamika.

Tarehe 6 Julai 1991 alifunga ndoa na Papa Bertin Mugisho. Gauni la arusi alishonewa na shangazi yake, na mpaka juzi alikuwa bado anamsema shangazi kwa ajili ya ile kola. Vita viliwatoa Bukavu, na mwaka 1999 wakafika Brussels, Ubelgiji, na watoto wao wawili, Anaïs na Dan.

Kwa miaka mingi alikuwa na karakana yake kando ya barabara ya Chaussée de Wavre. Alishonea maharusi, wanakwaya na watu wa tamthilia. Mteja akija na malalamiko, Maman hakumjibu kitu mpaka kwanza avue lile gauni, avae nguo zake, anywe chai. Alisema, "Muntu mwenye pini mu mbavu hawezi kusema ukweli." Kichwa chake kikigoma kabisa, hakulazimisha kuchora. Alichukua nguo kuukuu akaifumua polepole, na kabla haijaisha alikuwa ameshapata wazo.

Siku moja Wim, mwongozaji wa tamthilia, alimrudishia makoti ya waigizaji wake akisema hayana Afrika ya kutosha. Wengine tungenuna. Maman akavuta kiti.

"Bon, Papa Wim, keti kwanza. Ule muntu wa koti anatoka wapi?"

"Anakimbia," Wim akasema. "Ni usiku, mvua inanyesha, yuko mjini Liège."

"Alors? Anakimbia na mvua ya Liège, na we unataka nimuvalishe ngozi ya chui?"

Wim alicheka mpaka akakohoa. Makoti yakabaki vilevile, na tangu siku hiyo alikuja kumwuliza Maman kabla hajaamua lolote. Yuko hapa leo, kiti cha nyuma.

Jambo moja tu Maman alikuwa mgumu nalo. Makasi hakumpa mtu. Anaïs alimaliza shule akaketi kwenye cherehani ya pili, akashona mikono, zipu, pindo, kila kitu, ila kukata hakuruhusiwa. Kila akiomba alijibiwa, "Mushono unafumuliwa, mutoto wangu. Kitambaa kikikatwa, ni basi. Ngoja kidogo." Anaïs alikasirika, akanuna, akarudi kuomba tena. Sisi wengine tulijua mama yake anaogopa tu, lakini nani angemwambia?

Hapa desturi inataka ielezwe habari ya ugonjwa. Hakuugua! Jumapili tarehe 5 Oktoba, baada ya misa, alikwenda na Papa Bertin kwenye soko la kituo cha treni cha Gare du Midi kutafuta vifungo. Aliinama kuchagua, akashika mkono wa mumewe, akasema, "Bertin, miguu yangu," akaanguka. Madaktari walisema mshipa umepasuka kichwani, na kabla ya jioni alikuwa amekwenda. Jumatatu asubuhi bibi arusi alikuja kupima gauni akakuta mlango umefungwa, akaanza kugonga. Mungu wangu, mtu hufa hivyo?

Dada yake, Maman Marie-Claire, alifungua kabati kutafuta nguo ya kumzikia. Alikuta aproni, na magauni ya zamani ambayo hayakumwingia tena. Mganga hajigangi. Alishonea mtaa mzima, yeye mwenyewe akajisahau. Mtu akasema tununue dukani.

"Hapana," Anaïs akasema. "Miye ndiye nitakata."

Papa Bertin akamtazama. "Utaweza?"

"Sijue, Papa. Lakini Maman, tumuvalishe nguo ya dukani? Yeye?"

Akafungua kitenge mezani, akashika makasi, akasita. Vipimo vya wateja alivijua kwa moyo. Vya mama yake hakuna aliyewahi kuvichukua. Ikabidi aende na utepe kule mochwari alikolazwa. Mara ya kwanza kumpima mama yake, mama alikuwa amelala, baridi, na hakusema hata neno moja juu ya jinsi anavyoshika utepe. Anaïs alilia, akapima, akarudi, akakata.

Maman Abigaël ameacha mume wake Papa Bertin, watoto wake Anaïs na Dan, mjukuu wake Eline, dada yake Marie-Claire, na wote aliowavalisha.

Gauni alilovaa ndani ya sanduku ni la Anaïs. Bega la kushoto limeshuka kidogo, na Anaïs analijua hilo kabla yenu. Alipomaliza kumvalisha alimwinamia sikioni, sote tukasikia: "Maman, nimekata. Amuka basi, unigombeze."

Hakuamka. Alale salama kwa Bwana wake.