Msomaji wa Ijumaa kutoka Norwei

Minyororo ya pantoni ya Pangani ililia kabla ng'ambo haijaonekana ukunguni. Bi Wanu alikuwa amekumbatia karatasi ya takwimu za tovuti ya mashairi ya marehemu mumewe: msomaji mmoja tu, kila Ijumaa, kutoka Norwei.

“Ni mwanangu Shaib, baharia. Miaka saba kimya!”

Castory, fundi wa duka la intaneti la Tanga aliyesimama kando yake, alikohoa. “Bibi, kompyuta hutaja mahali mtandao ulikopitia, si mtu alipo. Laini yetu inapitia Norwei. Hata mimi huhesabiwa Mnorwei.”

“Wewe, Msambaa wa Lushoto!”

“Nami huukagua ukurasa huo kila…”

“Kila lini?”

“Ijumaa.”

Machoni pa Bi Wanu, katika ukungu, meli ya Shaib ilikuwa bado inakwenda.

“Basi Ijumaa hii usifungue, tuone kama msomaji atakuja.”

Pantoni iligusa ufuko.

“Sifungui, bibi. Nakuahidi.”