Blanketi la Nani Kona ya Nne?

Benchi letu liko mbele ya duka langu la mbegu hapa Harlow, Iowa, na lango la uwanja wa mbio za magari liko ng'ambo ya barabara tu. Birika ni langu, kahawa ni yangu, uongo ni wao. Jumamosi hiyo ya fainali, saa tatu asubuhi, gari la maji lilikuwa linazunguka kulowesha udongo, na mashamba ya jirani yamejaa mahema ya watu waliotoka kila upande. Profesa, aliyefeli chuo cha kilimo mara mbili, alikuwa ameshakaa. Spana, fundi mstaafu, naye alikuwepo, ingawa sijawahi kukutana na gari alilolitengeneza likapona. Ndipo akaja Verlin. Tunamwita Kona Nne, maana kwa miaka arobaini na moja amekaa kona ya nne, safu ya ishirini na mbili. Leo blanketi lake lilikuwa kwapani badala ya kuwa jukwaani, tukajua kuna jambo.

— Kona Nne, vipi? Unaenda kulala? Spana aliuliza.

— Pana mtu.

— Wapi?

— Pangu! Nimekuta blanketi la mtu. Limefungwa kamba ya marobota ya nyasi ncha zote nne.

Kwetu blanketi ni mtu. Likishatandikwa jukwaani hulisogezi, hulikunji, hulikalii. Kuna bwana mmoja alisogeza la wenzake kiasi cha kiganja, na mpaka leo kinyozi wa mji huu hamnyoi.

— Si kila mwaka unatandika saa kumi na mbili, lango likifunguliwa tu? nikamuuliza. Leo ulikuwa wapi?

— Gereji, kwa Kelsey. Tangu saa kumi alfajiri tunafunga bawa.

Kelsey ni mjukuu wake, ana miaka ishirini na mbili, na jioni hiyo angeingia fainali kwa mara ya kwanza. Vigari vyenyewe ni vidogo, vina bawa mgongoni na nguvu za wazimu, na havina hata starta. Lazima pikapu ivisukume ndipo viwake. Baada ya hapo ni kuomba Mungu.

— Pale kona ya nne ndipo anapotoka kwenye tope amekanyaga mafuta, Verlin akasema. Ndipo ninapomwona uso.

— Uso gani, na helmeti ile? Spana akamkata.

— Mimi nauona! Sasa nikae wapi leo? Kona ya kwanza, nimtazame kisogo?

Nilimwonea huruma, nikamjazia kikombe mpaka kikamwagikia kiatu chake.

— Mimi nawajua waliofanya hivi, Profesa akaanza, na alipoanza hivyo nikajua tumekwisha. Ni watu wa Pennsylvania, wapinzani wetu. Wamekuja na mabasi mawili.

— Sasa wana shida gani na Verlin? nikauliza.

— Dereva akizoea kumwona babu yake mahali fulani, anamtumia kama alama. Mwondoe babu, mtoto anapotea kona. Hiyo ni sayansi, mwanangu.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, usipoziba ufa utajenga ukuta, Spana akaitikia.

— Hapo ufa ni upi?

— Pennsylvania.

— Acha fiksi, Spana.

— Basi sikilizeni yangu. Ni watu wa bima. Chini ya lile blanketi kuna mizani. Mzee akikaa wanampima uzito, wanampima mgongo, mwezi ujao bima inapanda. Mimi walinifanyia kwenye kiti cha kanisani.

— Umechemsha, Profesa akasema. Mizani ya nini, wakati setilaiti ipo? Blanketi lenyewe ndiyo alama, linaonekana kutoka juu. Verlin, lina rangi gani?

— Sikulisogelea, mzee mwenzangu. Nimeliona nikiwa kwenye uzio, mwenyewe hayupo. Lina vipande vipande, vyekundu, vya buluu, vya kijani.

— Mnaona! Vipande! Hiyo ni ramani!

— Ramani ya wapi?

— Wakikuambia si itakuwa siyo siri tena?

Mimi nilicheka, lakini Verlin hakucheka. Aliweka kikombe chini, akatoa kisu cha mfukoni, akakifungua.

— Naenda kuikata ile kamba.

— Verlin! nikasema. Miaka arobaini na moja ya heshima!

— Heshima haina mjukuu. Mimi ninaye.

Wallahi, tuliogopa. Spana alimshika mkono wa shati. Akiikata, hata Kelsey angezomewa kabla hajasukumwa na pikapu, na Verlin mwenyewe alilijua hilo.

Hapo hapo akatokea mama mmoja mgeni, kapandisha miwani ya vumbi kwenye paji la uso. Masikio yake yalikuwa na udongo wa mbio za jana, dalili ya mtu aliyepata mahali pazuri.

— Habari zenu, wazee. Naitwa Narelle, nimetoka Australia. Nimeelekezwa hapa kuna kahawa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Profesa akasema, akimwonyesha Verlin na kisu chake.

Wakamweleza yote, wote kwa pamoja: Pennsylvania, bima, setilaiti. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akamgeukia Verlin.

— Baba, nyumbani kwako unajifunika blanketi gani?

— La kawaida tu.

— Rangi gani?

— Rangi ya... blanketi.

— Na wewe? akamuuliza Spana.

— La kwangu ni zito.

Profesa akakumbuka ghafla kwamba kiatu chake kimefunguka. Mimi nimeoa miaka thelathini na sita, na nilichokumbuka ni joto tu, kwa hiyo nikashughulika na birika.

— Mwenye lile amekaa mbele yangu tangu lango lifunguliwe, Narelle akasema. Mama mfupi, nywele nyeupe. Mara tatu ameinuka akaenda mpaka langoni, mara tatu amerudi. Ameniambia vile vipande ni mashati ya kazi ya mumewe, ameyashona mwenyewe, na ndilo wanalojifunika kila usiku. Anaitwa Arlene.

Kisu kilimponyoka Verlin.

— Arlene hakanyagi uwanjani, akasema polepole. Mke wangu hakanyagi pale.

Na kweli alikuwa hakanyagi. Miaka kumi na tisa iliyopita mtoto wao Russ, baba yake Kelsey, alipinduka mara saba pale pale kona ya nne. Alipona, anachechemea tu, lakini Arlene aliapa kwamba hatakaa tena kutazama damu yake ikirushwa hewani. Tangu Kelsey aanze kushindana, bibi hukaa nyumbani, redio kaizima.

— Mbona hakuniambia?

— Alisema ukijua utafurahi, na ukishafurahi yeye hataweza tena kukimbia. Alitaka kwanza aone kama ataweza kukaa.

Verlin alilia. Alilia mchana kweupe, mbele ya watu na mabasi ya Pennsylvania, na Spana, ambaye hucheka hata mazishini, akageukia ukutani akajifanya anasoma bei ya mahindi.

— Basi ataweza? Verlin akauliza.

— Nilipotoka alikuwa amekaa. Amenituma kahawa.

Niliinua birika. Kilibaki kikombe kimoja. Profesa, aliyekuwa ameshanyoosha chake, akakirudisha bila kuambiwa. Nikamimina, nikamkabidhi Verlin.

— Anatia sukari ngapi? nikauliza.

Verlin alinitazama. Akamtazama Narelle. Ndoa ya miaka arobaini na nane, na jasho likamtoka. Akachota konzi nzima ya paketi za sukari, akazishindilia mfukoni, akavuka barabara mbio, kikombe kakishika kwa mikono miwili.