Mwimbaji wa Jumapili

Pale Somanda, mjini Bariadi, ubavuni mwa banda la Chaja fundi simu, kuna benchi lililolegea mguu mmoja, na Nyanjige huuza kahawa hapo kuanzia saa nane mchana. Mzee Mboje, aliyebeba marobota ya pamba kiwandani Maswa mpaka watu wakamwita Robota, huwa ameshafika hata kabla ya birika. Alhamisi hiyo alikuwepo pia Eufrasia, mtangazaji wa redio ndogo ya mjini, na hakuja kupiga soga. Kwa miezi miwili alikuwa akiendesha kipindi cha nusu saa kila Jumapili jioni: gitaa au zeze, sauti moja, maneno ya kumfanya mtu awaze. Wasikilizaji walikipenda, ila walituma swali lile lile: wa kwetu yuko wapi? Bosi naye akasema, asipopatikana mwimbaji wa Simiyu Jumapili hii, nusu saa hiyo inakuwa ya salamu.

— Sitaki wa kukata viuno, alisema Eufrasia. Nataka mtu anayetunga mwenyewe, anaimba polepole, ukimsikia unaondoka na neno moja la kwenda nalo nyumbani.

Chaja akaweka bisibisi chini.

— Hao hawapo tena, dada. Wamemalizwa na spika. Mimi nazifungua kila siku. Spika za siku hizi ni besi tupu. Neno lenye akili ni jepesi, besi inalirusha nje.

— Linaenda wapi? aliuliza Eufrasia.

— Linapotea. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

— Hiyo haihusiani, alisema Nyanjige akimmiminia.

— Inahusiana. Spika ni debe.

Robota akakohoa kama mwenyekiti wa kikao.

— Achaneni na spika. Ni dawa ya magugu. Zamani pamba tulipalilia watu ishirini mstari mmoja, na jembe bila wimbo halinyanyuki. Sasa mtu anapiga dawa peke yake, kajifunga kitambaa mdomoni. Ataimba na nini? Dawa inaua magugu, inaua na nyimbo.

Eufrasia aliandika hilo kwenye daftari, maana lilimgusa. Hapo alikosea. Robota alipoona kalamu inatembea, akapata nguvu mpya.

— Na ng'ombe, andika. Mtunzi anahitaji msikilizaji asiyemkatiza. Sisi tuliwaimbia ng'ombe. Ng'ombe wa zamani alizeekea zizini, wimbo anaujua beti zote. Wa leo hajamaliza miaka mitatu, kapakiwa kwenye lori la mnada. Wimbo anauacha ubeti wa pili.

— Kwa hiyo tumtafute ng'ombe, alisema Chaja.

— Mzee. Aliyetulia.

— Mnahangaika porini na kitu kiko jikoni, alisema Nyanjige. Wanawake wanatunga kila siku. Lakini mwanamke akiimba la moyoni barabarani, mtaa mzima unasema kaachwa. Basi anaimbia sufuria. Funueni sufuria za Bariadi nzima, nyimbo zitatoka na mvuke.

— Mchagua nazi hupata koroma, alisema Robota.

— Nazi umeiona wapi wewe?

— Kwenye kalenda.

Eufrasia alicheka, lakini moyoni alikuwa anahesabu siku. Ijumaa, Jumamosi, basi.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni ya benchi, ameshika bakuli la bati lenye kifuniko. Alikuwa ameshasalimia mara mbili. Eufrasia aliisikia salamu ya pili kwa mbali, akadhani mwingine ataitikia.

— Mwadila, mwanamke akasalimia tena kwa Kisukuma.

— Mwadila mayu, karibu ukae, akajibu Nyanjige kwa aibu kidogo.

Aliitwa Minza, wa kijiji cha Bukundi. Mdogo wake, Ng'washi, alikuwa hospitali wiki ya pili sasa, mguu kwenye plasta, baada ya mkokoteni wa ng'ombe kumwangukia. Minza alikuwa anasubiri muda wa kuona wagonjwa. Akanywa kahawa nusu kikombe, akauliza taratibu:

— Huyo mnayemtafuta. Mkimpata, nani atamsikiliza?

Ndani ya banda la Chaja spika ilikuwa inadunda tangu asubuhi. Chaja akainuka, akaizima. Eufrasia alihisi uso unamchoma, maana miezi miwili yote alikuwa anatafuta huku anaongea.

— Wewe unaimba? akauliza.

— Namwimbia Ng'washi. Bila wimbo hali chakula. Nyimbo ninazozijua ziliisha siku ya tatu. Sasa natunga.

— Unaweza kutuimbia mmoja?

Minza aliwatazama mmoja mmoja, kama anayepima kama watatulia. Akaweka bakuli mapajani, akaanza kugonga kifuniko kwa vidole viwili. Aliimba Kisukuma, chini chini, kama anayeongea na mtu aliyelala karibu. Alisema mto wa kwao hupita chini ya mchanga, na mgeni akiuona husema umekauka. Mimi nachimba kwa kikombe, nangoja. Nachimba kwa kikombe, nangoja. Na mguu wako, mdogo wangu, unatembea chini ya plasta.

Alipomaliza, Robota alivua kofia, akaishika tu. Kinasa sauti cha Eufrasia kilikuwa mkononi na hakukiwasha.

— Nikurekodi kwa ajili ya Jumapili?

— Mpaka Ng'washi akubali. Nyimbo ni zake.

Muda wa kuona wagonjwa ulipofika, wakaenda hospitali pamoja. Ng'washi alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto wa kulalia, binti wa miaka ishirini hivi mwenye macho makali. Alisikiliza maombi yote bila kukatiza.

— Amekuimbia upi?

— Wa mto.

— Huo wa Jumanne. Alikuwa amechoka siku hiyo. Wa Jumatano ndio mzuri, na kuna wa leo hata mimi sijausikia bado.

Minza akafunua bakuli, akampa kijiko. Eufrasia akavuta kiti karibu na kitanda, akawasha kinasa sauti, akanyamaza. Ile nusu saa iliyokuwa imemlemea wiki nzima, sasa aliiona fupi.