Burkhard wa Mwisho wa Altenried

Waheshimiwa maaskofu mliotoka mbali, makanoni wa kanisa hili kuu la Altenried, mabwana na mabibi, na ninyi watu wa mjini mliosimama nyuma kwa sababu mbele pamejaa wakubwa, mimi ni Hiltrud, mama mkuu wa jumba la watawa la Niedersee, dada yake marehemu, na wafiwa wamenituma nisome maisha yake kwa kuwa katika ukoo wetu aliyebaki anayesoma bila kusaidiwa ni mimi. Nitasoma hatua kwa hatua kama ilivyo desturi, ila naomba msikilize mkijua jambo moja, kwamba pale karibu na nguzo kuna mtoto mchanga mikononi mwa mama yake, hana jina bado kwa kuwa anasubiri ubatizo wa mkesha wa Pasaka, baba yake anataka aitwe Burkhard, na marehemu aliomba asiitwe.

Marehemu Askofu Burkhard alizaliwa tarehe 16 Oktoba mwaka wa Bwana 1019, siku ya Mtakatifu Galo, katika ngome ya Hohenach, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Eberhard na Bibi Judith. Katika ukoo wetu, kama katika koo nyingi zilizowakilishwa hapa leo, jina ni kazi: mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Eberhard, hupewa upanga na ardhi, wa pili huitwa Burkhard, hupelekwa kanisani ili siku moja akikalie kiti cha uaskofu cha Altenried. Kwa hiyo marehemu alipaswa kuwa Eberhard. Lakini siku tatu baada ya kuzaliwa kwake, babu yetu mdogo Askofu Burkhard, yule mnayemwita mtakatifu na kumwashia mishumaa, alifariki ghafla akiwa mezani, na baba yetu, kwa hofu kwamba majirani wangekinyakua kiti kabla maiti haijapoa, hakutaka kusubiri mtoto wa pili wala Pasaka, akaagiza maji yaletwe, akambatiza huyu huyu kwa jina la Burkhard.

Mama yetu alisema akiwa bado kitandani, "Bwana, huyo ni wa kwanza." Baba akamjibu, "Kiti hakisubiri, Judith. Huyu awe wa kanisa, wa upanga atakuja."

Wa upanga alikuja kweli, tarehe 3 Mei 1021, akaitwa Eberhard, nami nikafuata mwaka 1024, ambapo hakuna aliyeharakisha kitu. Kiti chenyewe kilishikwa na mzee Wido, ambaye kila mtu alimwambia ni wa muda tu, na ambaye, nadhani kwa kuwakomoa, aliishi miaka thelathini na moja zaidi.

Kuhusu masomo, marehemu alipelekwa shule ya watawa wa abasia ya Ottmarszell mwaka 1026, akiwa na umri wa miaka saba, na nimewasikia jana baadhi ya wahubiri wakisema kwamba tangu utotoni alipenda zaburi kuliko maziwa ya mama. Hilo si kweli. Marehemu alipenda farasi. Alitoroka abasia mara mbili, na mara zote mbili alikutwa zizini Hohenach, amelala kwenye nyasi kavu, uso umejaa furaha na nguo zimejaa mavi. Aliyependa zaburi alikuwa Eberhard, mtoto ambaye kila Novemba, nguruwe wa sikukuu ya Mtakatifu Martino walipochinjwa, alijificha nyuma ya sketi za mama na kuziba masikio. Marehemu alipokuja nyumbani wakati wa Krismasi, Eberhard ndiye aliyemfundisha mistari aliyoshindwa, wakiwa chini ya meza, na marehemu kwa kulipa fadhila alimfundisha namna ya kukaa juu ya farasi bila kufumba macho.

"Wee Eberhard, mnyama anajua unamwogopa," alikuwa akimwambia.

"Basi anajua ukweli, kaka," Eberhard alijibu. "Mwambie asinichukie."

Kila mtu ngomeni aliona, wapishi waliona, watunza farasi waliona, na mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote niliona, kwamba wale wavulana wawili walikuwa wamevishwa kila mmoja nguo za mwenzake. Hakuna aliyewabadilishia, kwa kuwa majina yalikwisha kutolewa.

Tarehe 8 Juni 1037 marehemu alifanywa kanoni, yaani mmoja wa wanabaraza wa kanisa hili, na mwaka huo huo ndugu yake alifungwa mkanda wa upanga. Eberhard alioa, akapata mtoto mmoja wa kiume, Kuno, ambaye leo ndiye bwana wa Hohenach na mkuu wa wafiwa, kisha Julai 1044 akaenda na mfalme vitani Hungaria, akauawa siku ya kwanza, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Waliorudi walisema alikufa kishujaa, na mimi sina la kubisha, kwa sababu mtu anayeogopa hivyo akaenda hata hivyo ni shujaa kuliko wao. Marehemu ndiye aliyesafiri kwenda kumleta. Nilimpokea langoni, hakushuka kwenye farasi, alinitazama tu, akasema, "Hiltrud, mdogo wangu, aliyekufa kule ni mimi. Wamekosea mtu." Maneno hayo hakuyarudia tena kwa miaka ishirini na minane.

Alipata upadri mwaka 1049, na tarehe 21 Septemba 1050, mzee Wido alipokubali hatimaye kufa, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Altenried. Msidhani ninachosema ni kwamba alikuwa askofu mbaya. Kilatini chake kiliwafanya makanoni waangalie viatu vyao, hilo kweli, lakini hakuna kijiji katika jimbo hili ambacho hakufika, kwa kuwa alipewa sababu ya kupanda farasi na aliitumia yote, na kijana wa milimani aliyezoea kusikia kwamba askofu yupo kama anavyosikia kwamba bahari ipo, alimwona askofu mlangoni kwao, ametapakaa matope, akiuliza kama kuna uji. Mwaka wa njaa alifungua maghala ya kanisa kabla hajawauliza makanoni, na walipolalamika aliwaambia, "Ndugu zangu, mimi sijui kusoma vizuri, nilidhani ule msemo wa kulisha wenye njaa ni amri."

Suala la utakatifu alilichukia. Mwanamke mmoja wa huko Birkau alimshika joho sokoni, akaanza kulia na kumwomba amponye mgongo, akiamini ni yule Burkhard wa mishumaa. Marehemu akamwinua, akamwambia, "Mama, mtakatifu ni babu yangu, yuko chini ya sakafu ya kanisa. Mimi ni yule anayekula." Yule mama alimtazama juu hadi chini, akasema, "Haya baba, kama una mikono basi nibebee huu mtungi." Akaubeba hadi kwake. Kwa hiyo ninyi watawa wa Ottmarszell ambao tangu juzi mnamkata ncha za nywele, na yule aliyeondoka na kiatu cha kushoto, rudisheni. Mkitaka kitu cha kumkumbuka yupo mbwa wake, anahitaji mtu wa kumlisha.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuoa, wala sisemi ni kwa sababu ya cheo, maana wapo wenye cheo hapa ambao wake zao wanatusubiri nje. Hakuoa kwa sababu aliapa, na kiapo alichoapishwa na wengine alikitimiza kama chake. Hakuacha watoto wa damu, ila jimbo hili limejaa wavulana wanaoitwa Burkhard, ukiita jina hilo sokoni Altenried nusu ya wanaume wanageuka, na kila mama aliyemletea mwingine aliulizwa jambo lile lile, "Umekosa jina jingine, binti yangu?" Watu walicheka wakidhani ni unyenyekevu.

Ugonjwa ulimwanza Septemba mwaka jana, miguu ikavimba hadi akashindwa kupanda farasi, akahamishiwa chumba ambacho dirisha lake linatazama zizi. Tarehe 17 Februari mwaka huu Richlind, mke wa Kuno, alijifungua mtoto wa kiume baada ya mabinti watatu, na Kuno akaja mbio kwa baba yake mkubwa na habari njema mbili, kwamba mtoto amepatikana, na kwamba ataitwa Burkhard. Marehemu alifurahia ya kwanza. Ya pili ilimfanya ashike ukingo wa kitanda, akauliza, "Si ni wa kwanza huyo?"

Kuno akasema, "Ni wa kwanza, baba mkubwa, lakini wewe unaumwa. Wa upanga atakuja."

Hapo ndipo niliitwa kutoka Niedersee. Nilimkuta amegeukia dirisha, akaniambia mbele ya Kuno na mbele ya tabibu, "Mpeni jina ambalo halina kiti. Akue kwanza, tumwone ni nani." Kisha akarudia lile alilolisema langoni mwaka ule, na Kuno, ambaye hakuwahi kumjua baba yake, alilisikia kwa mara ya kwanza. Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 9 Machi 1073, saa tatu asubuhi, farasi wakiwa wanatolewa nje kunyweshwa maji, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Jana Kuno alinijia, naye si mtu mbaya, ana hofu ile ile aliyokuwa nayo baba yetu. "Shangazi, usiniaibishe mbele ya watu," alisema. "Jina likitoka kwetu, kiti kimetoka. Unataka kiende kwa nani?"

"Kiende kwa anayekitaka, mwanangu."

"Na wazee wetu tuwaambie nini?"

Kabla sijajibu, Richlind aliyekuwa akinyonyesha alisema bila kuinua kichwa, "Waambie mkeo hakuzaa askofu. Amezaa mtoto, tena ana njaa." Kuno alitoka nje. Sijui kama amekubali, naye anasikia haya kama mnavyosikia ninyi.

Familia inamshukuru ndugu Notger, tabibu wa abasia, aliyemwosha miguu kila siku na hakumdanganya hata mara moja, inawashukuru watunza farasi waliompitishia wanyama chini ya dirisha bila kuagizwa, majirani wa mjini waliopika, makanoni waliochukuliana na Kilatini chake, na watu wote wa vijijini waliotembea kwenye theluji kufika hapa.

Mama wa ubatizo wa mtoto yule ni mimi. Desturi yetu mnaijua, padri hamuulizi baba wala ukoo, humuuliza anayemshika mtoto juu ya maji, na anachokitamka ndicho kinachobaki. Richlind amekwisha kuninong'oneza jina. Ni zuri, ni fupi, halijawahi kuitwa na mtu yeyote Hohenach, na hakuna anayejua ni la kazi gani.

Kaka, lako tunalizika pamoja nawe. Lala, hakuna atakayeamshwa kulichukua.