Risala ya Wafagiaji Kuhusu Ziara ya Kushtukiza

Mgeni rasmi, wakubwa wetu wa kazi mliomkalia kulia na kushoto, wafagiaji wenzetu, na ninyi ndugu wa marehemu mliokubali kuja ingawa machozi hayajakauka:

MAKARIBISHO

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji tuna mengi ya kupona, kwa hiyo karibu sana. Tunakushukuru kwa vizibao vipya vya kung'aa ulivyokuja kutukabidhi. Vile vya zamani vilikuwa vimefifia kiasi kwamba ukivivaa ulifanana na lami kuliko mtu. Risala hii ilitakiwa ipitiwe ofisini kwanza, lakini kwa bahati mbaya jana tuliisahau nyumbani.

SISI NI NANI

Tunafagia barabara kuu, magari yakitupita karibu hadi nguo zinapepea. Mchanga usipoondolewa kingoni, maji hutuama na matairi huteleza. Kabla hatujagusa fagio, lazima koni zipangwe. Mwekaji koni huenda mbali, kule magari yanakotoka, ili dereva azione mapema na ahame njia. Kazi hiyo ni ya Mama Koni, ambaye jina lake halisi hata mhasibu hulisahau. Ni mfupi, mkali, na mtu wa utani. Tukimhimiza afanye upesi hujibu, "Mna haraka ya kwenda wapi, peponi?"

Miaka yote aliyopanga koni, hakuna aliyewahi hata kukwaruzwa. Hayo ndiyo mafanikio yetu, mgeni rasmi. Tuliambiwa tuandike na mengine, tukayatafuta, hatukuyapata.

ASUBUHI YA AJALI

Jioni ya kuamkia siku ile tulitangaziwa kwamba unakuja kwa ziara ya kushtukiza. Tuwie radhi kwa kukufunulia, lakini ziara za kushtukiza huwa tunazijua sisi kwanza, maana ndio tunaozisafishia njia. Kulipokucha tukapelekwa njia ya ndani, ya magari ya mwendo kasi, ambayo siku zote hufagiwa ikiwa imefungwa.

Mama Koni akaanza kwenda na koni zake. Msimamizi akamwita.

"Mama Koni, rudi! Ziweke hapa karibu. Ukizitandaza mpaka kule, foleni itaanza na msafara utakwama."

"Mwanangu, lori halijui kama kuna mgeni."

"Weka hapo, mama. Muda si mrefu tunamaliza."

Moyo ulimkataa. Lakini aliona kibarua kikiota nyasi, akamwona na binti yake anayemtegemea, akaziweka pale alipoambiwa.

Lori la saruji lilikuwa nyuma ya basi. Basi likakwepa, lori halikuwahi. Mama Koni alipuliza filimbi mpaka pumzi ikamwishia, akaziona koni zikiruka. Tukampoteza Babu Toroli, msukuma taka wetu, na dada yetu mmoja tuliyezoea kumcheka kwa kuimba ovyo. Saruji ilitufunika, hatukutambuana nani ni nani mpaka mtu alipokohoa. Dereva alishuka ameshika kichwa, analia, "Jamani, koni nimeziona nimeshafika!" Hatumlaumu.

Mguu wa Mama Koni ulibanwa kwenye ukuta wa katikati. Tukiwa hospitalini ndipo tukasikia kwamba ziara yako ilikuwa imeahirishwa.

CHANGAMOTO

Taarifa ya uchunguzi inasema koni ziliwekwa karibu kwa uzembe wa mwekaji. Inasema pia kwamba siku ile hapakuwa na ugeni wowote wala sababu ya sisi kuwa njia ile. Tunaelewa ilivyokuwa. Ziara ya kushtukiza haitakiwi kujulikana, na anayekiri kwamba aliijua ana kesi ya kujibu. Basi kombe likafunikwa, na Mama Koni yumo chini yake. Msimamizi amehamishwa, hatujui yuko wapi. Mama Koni ameachishwa kazi akiwa bado kitandani.

Hilo tungelivumilia, kwa kuwa kuonewa tumekuzoea. Tusiloweza kulivumilia ni kwamba mama huyu sasa ameamini. Utani umemwisha. Binti yake anatuambia mchana kutwa amegeukia ukuta. Tulipokwenda kumjulia hali alituuliza, "Hivi ni mimi niliyewaua wenzangu?"

Tukamwambia, "Hapana, mama, uliamriwa."

"Ninyi mnanipenda tu," akasema. "Karatasi ya wakubwa inasema hapakuwa na mgeni. Labda huyo mgeni nilimuota."

Na mjane wa Babu Toroli, ambaye yuko hapa mstari wa mbele, amesomewa taarifa hiyo hiyo. Tangu siku hiyo haitikii salamu ya binti wa Mama Koni. Hatumlaumu naye, ila inatuuma sana, kwa sababu hao walikuwa wanakula sahani moja.

OMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi: gari la ishara la kutukinga mgongo, viatu, choo. Usiku tumeyafuta yote, tukabakiza moja, tusije tukakosa yote.

Hatuombi mtu afukuzwe. Sisi tukisema ulikuwa uje, tunaambiwa tunamtetea mwenzetu. Wakubwa wetu wakisema hukuwa uje, inaandikwa na kupigwa mhuri. Lakini wewe unajua asubuhi ile ulikuwa umepanga kwenda wapi, na ukisema, hakuna wa kukubishia. Tunaomba utamke, mbele ya mjane huyu, kama ulikuwa uje au hukuwa uje. Hata neno moja litatosha.

Mungu awarehemu wenzetu waliotangulia, ampe mama yetu nafuu, na akufikishe salama kila barabara utakayopita, iliyofagiwa na isiyofagiwa.

Msichana unayemwona kando ya kipaza sauti, mwenye simu mkononi, ndiye binti wa Mama Koni. Mama mwenyewe yuko wodini upande wa pili wa simu, anasikiliza.

Karibu useme, mgeni rasmi.

Ni sisi,
Wafagiaji wa Barabara Kuu, Zamu ya Asubuhi