Mtegemezi wa Daraja la Pili

"Idhini ya Ukaazi wa Muda kwa Mtegemezi wa Daraja la Pili (Bibi), kwa Madhumuni ya Ulezi wa Mtoto Mchanga Ndani ya Makazi ya Familia za Wanajeshi." Hayo yote, kwa Kiswahili cha watu, maana yake ni kwamba Dorcas, mke wa Kahindi, ameruhusiwa kwenda kumlea mjukuu wake. Binti yao Everlyne ni koplo. Amejifungua, mumewe yuko mpakani, naye kapewa nyumba ndani ya kambi moja ya jeshi nje kidogo ya Nairobi, mahali ambapo hata bibi haingii mpaka apewe daraja. Dorcas aliondoka na gari la alfajiri. Kahindi alimsindikiza hadi stendi, na badala ya kurudi nyumbani akapitiliza kijiweni. Kijiwe cha Vitengeni kiko ubavuni mwa kinu cha posho kilichokufa: ubao mrefu juu ya matofali, na mbele yake jiko la Stambuli, mtu wa Mambrui aliyekuja kuoa huku bara akiwa na dele lake la kahawa, akasahau kurudi. Wenye ubao walikuwa wameshawahi. Kulikuwa na Gerishom, aitwaye Brigedia kwa kuwa alilinda lango la hoteli kule Bofa miaka mingi akiwa na filimbi shingoni. Na Ngowa, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki. Kahindi mwenyewe huitwa Spika. Hapo kijiweni hoja haipiti bila yeye, na hakuna hoja aliyowahi kuifuata hadi ikatekelezwa.

— Mama amepanda salama? Stambuli aliuliza, akimimina kikombe cha kwanza.

— Kapanda. Jioni atakuwa kwa mwanawe.

— Atakaa sana?

— Arobaini tu, alisema Kahindi. Mzazi akitoka arobaini, bibi anarudi kwake. Ndiyo desturi.

— Ndiyo desturi, wakaitikia wote watatu, kwa haraka ambayo Kahindi hakuipenda.

Kwa kweli hakujua. Kitu kimoja tu alitaka kukijua, nacho ni siku ya Dorcas kurudi, na hicho ndicho hakukiuliza. Jana jioni mkewe alikuwa akifunga mzigo, akasimama, akamwambia: "Baba Everlyne, huna neno la kuniambia?" Alikuwa nalo. Lakini Brigedia alikuwa amemwonya juma zima kwamba siku za watu kuingia na kutoka kambini ni siri ya jeshi, na raia akiziuliza, anayetiwa ndani ni yule aliyeulizwa. Basi Kahindi, kwa kumlinda mkewe, akasema: "Safari njema." Dorcas alimtazama kidogo, akakaza kamba.

Brigedia sasa akamsogelea.

— Ile tarehe, hukuiuliza?

— Sikuthubutu.

— Umefanya la maana. Pale langoni mtu husachiwa mpaka mawazo. Na wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

— Mkono mtupu umeingilia wapi hapo? aliuliza Stambuli.

— Dorcas ana mzigo. Mwenye mzigo ndiye alambwaye.

— Yarabi, alisema Stambuli, akaongeza kaa jikoni.

Redio alikuwa akisubiri nafasi.

— Mimi nasikia mle ndani watu huamka kwa pamoja. Tarumbeta ikilia saa kumi na moja, koplo juu, paka juu, bibi juu.

— Dorcas huamka saa kumi, alisema Kahindi. Kuwahi maji kule lambo kabla ng'ombe hawajayavuruga. Huko atalala saa nzima zaidi.

Aliyasema kwa mzaha, na wenzake wakacheka. Kicheko kikaisha, maneno yakabaki palepale kwenye ubao, na hakuna aliyejua ayasogeze wapi.

— Maji ya huko ni ya mfereji? aliuliza Stambuli.

— Mfereji jikoni, mwingine bafuni, alijibu Brigedia. Ukifungua, yanatoka.

— Yanatoka siku gani?

— Siku unayofungua.

Kila mmoja akajaribu kuipiga picha serikali ya namna hiyo.

— Kumbe ipo, alisema Redio polepole. Mimi nilidhani ni hadithi ya wakati wa kura. Kumbe ipo, imejificha nyuma ya ukuta.

— Haijajificha. Inalindwa.

— Inalindwa isiibwe na nani?

— Na wewe, alisema Brigedia. Wewe mwenye kiu.

Akanywa, akafuta mdomo, akaingia katika jambo lililokuwa likimkera tangu asubuhi.

— Mnazungumza maji, mimi nazungumza cheo. Daraja la kwanza ni mke, mume na mtoto. La pili ni bibi. Je, Spika, wewe ni la ngapi?

Kahindi alizungusha kikombe mkononi. Everlyne alikwisha kumweleza kwa simu, kwa ile sauti yake mpya ya kutoa taarifa: nafasi ni ya mlezi, mlezi huwa mmoja, na babu hayumo. "Wewe, baba, utakuja kututembelea." Namna ya kutembelea hakuieleza.

— Sina daraja, alisema.

— Basi wewe ni raia, alisema Brigedia, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

— Sasa mwenehu, ndugu yetu, akadakia Redio, hapo ndipo penye kazi. Ngoja niwachambulie. Mtoto wa koplo akilia, koplo halali. Koplo asipolala, kesho analenga shabaha anapiga ndege. Lakini bibi akimshika yule mtoto akanyamaza, koplo amelala, shabaha imepigwa, nchi imesalimika. Jeshi litamwachia mtu kama huyo? Thubutu! Watampandisha. Mwaka ujao mtasikia Sajini Dorcas.

— Sajini wa nini?

— Wa uji wa pilipili manga! Mwadhani ni bahati tu kuitwa bibi wa Kigiriama? Mwanamke amezaa juzi, hawezi hata kukaa. Mnyweshe ule uji, mkande kwa maji ya moto. Siku ya saba anafukuza kuku. Sasa mnyweshe askari mzima, mwenye bunduki. Wanautaka uji ule, nawaambia. Na wakishaupata, Dorcas hawezi kutoka tena. Atakuwa anajua mengi.

— Uji wenyewe kila mtu aujua, alisema Stambuli. Unga, pilipili manga, iliki, sukari.

— Wewe ni mtu wa Mambrui, uza kahawa yako. Akili ni nywele.

— Na jeshini si wananyoa?

— Ndiyo maana wamemwita Dorcas, alisema Redio, na kwa hoja hiyo hata Brigedia aliinamisha kichwa.

Lakini Brigedia si mtu wa kupitwa na raia katika mambo ya ulinzi.

— Hayo ni madogo. Kambi yenyewe haimo kwenye ramani. Tafuta kwenye simu, utaona kichaka na barabara inayokatika. Serikali inasema pale hapana kitu. Basi Dorcas akishaingia, yuko mahali pasipokuwapo. Na mtu aliye mahali pasipokuwapo, kisheria hayupo. Atarudije? Atasema katoka wapi?

Kahindi akaweka kikombe chini.

— Kwa hiyo mnaniambia harudi.

Hapo wakagundua wamekwenda mbali. Redio alikohoa. Brigedia akashika shingo yake, pale ilipokuwa ikining'inia filimbi zamani.

— Nani kasema harudi? Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Atarudi, bwana.

Stambuli, ambaye babu zake walikuwa mabaharia, hakuweza kuliacha hilo likapita.

— Ngamani ni kule chini mwa chombo, bwana wee, ndani ya maji machafu, na kata mkononi unakumba. Hakuna mtu anayerudi huko kwa kupenda.

Alikuwa anasahihisha methali tu. Lakini Kahindi alimwona Dorcas pale lambo, ameinama, anachota kwa kata, anachuja kwa leso, na nyuma yake mwendo wote ule wa kurudi nyumbani na ndoo kichwani. Alimwona kwa sababu aliwahi kumwona hivyo, akipita kando ya kijiwe hikihiki. Siku hiyo wao walikuwa wakijadili ukame.

— Nimpigie simu? aliuliza.

— Usithubutu! alisema Brigedia. Simu za kule zinasikilizwa. Ukiuliza kama mvua imenyesha, kuna mtu ameketi mahali anaandika: mzee wa Vitengeni auliza mvua. Kwa nini auliza mvua? Ni mvua gani hiyo?

— Basi niseme nini?

— Salimu, kata.

Kahindi akaitikia kwa kichwa. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwaambia. Alfajiri kabla ya safari, Dorcas akiwa chumbani anavaa, yeye akitafuta kiberiti jikoni, aliinua macho akauona uchaga uko mtupu. Juu ya moto pale ndipo Dorcas huyaweka mahindi ya mbegu, yamefungwa kwa maganda yake, yakifukizwa moshi mwaka mzima hadi yawe meusi, ili bungua wasiyaguse. Kahindi alikuwa hajawahi kuuona uchaga ule bila kitu. Hata mwaka ule walipokula maembe mabichi kwa njaa, mbegu ilikuwa juu, na hakuna aliyethubutu kuitazama. Alijiambia kuwa mkewe ameificha mahali kwa sababu ya panya. Dorcas ni mtu mwangalifu. Akawasha moto wa chai, kisha akauzima, kwa kuwa hakujua majani ya chai hukaa wapi, wala hakutaka kuuliza.

Stambuli alikuwa ameinamisha dele, kahawa inatoka nyembamba na nzito, masimbi matupu ya chini ya dele, alipotokea Sidi, mke wa jirani. Alikuwa na jembe begani na kikapu mkononi. Si mtu wa kijiweni. Wanawake huwa hawakai hapo, hupita. Leo alisimama.

— Shikamoo baba. Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimepita nyumbani, baba, sikukukuta. Ni habari ya hii mbegu.

Akafunua kikapu. Mahindi yalikuwa yamelala humo, meusi kwa moshi, na chini yake kifurushi cha kunde.

— Mama aliniteremshia yote jana. Akaniambia niichukue, maana baba hapandi. Sasa mawingu ndiyo haya, nikaona nisipande kabla sijakuuliza. Nipande yote, baba, au nikubakizie yako?

Brigedia aliyatazama mawingu kama mtu anayetaka kuyaomba kitambulisho. Redio alifungua mdomo.

— Haba na haba... alianza, kisha kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akazimika.

Wote wakamgeukia Spika. Kahindi alitaka kusema, nibakizie. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Sidi angemuuliza kiasi gani, na yeye hakujua shamba lake linakula mbegu kiasi gani, kibaba au debe. Wala hakujua kunde hupandwa pamoja na mahindi au baadaye. Shamba lilikuwa lake. Hilo aliweza kulitetea mbele ya chifu yeyote. Alikitazama kikapu. Kila hindi lilikuwa limefungwa kwa fundo la Dorcas, fundo lilelile alilokaza jana kwenye mzigo.

Sidi alisubiri kwa adabu, uzito wa mwili akiuhamisha kutoka mguu huu kwenda ule.

— Basi, baba, nitapita kesho, alisema, akakifunika kikapu.

Alipokwisha kwenda zake, Stambuli aligeuza dele juu chini, akaligonga kwa kiganja.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Brigedia na Redio waliondoka bila kuagana. Kahindi alibaki kwenye ubao.

Mvua ilianza juma lile. Sidi alipita tena, hakupata jibu, akapanda mbegu yote, nayo ikaota. Everlyne aliiombea idhini ya mama yake nyongeza mara mbili. Mara ya tatu hakuna aliyejisumbua kuuliza. Kahindi alipiga simu kila Jumapili, akasalimu, akakata. Dorcas hakurudi.