Tulivyoomba Kimya Ziwani

Benchi letu liko nyuma ya kibanda cha kukodisha makasia, hatua thelathini kutoka kwenye gati. Alhamisi boti ya kasi ilimgonga Fundi Saa, mwenzetu, akiogelea asubuhi kama alivyoogelea miaka kumi na moja. Tulimzika jana. Leo tumekaa, na nafasi yake hakuna aliyesogea kuijaza, ingawa Daktari ana makalio ya watu wawili. Daktari ni muuza nyama. Cheo alikipata kwa koti jeupe. Wakili huwapigia watu chapa barua. Kinyozi ni kinyozi, hakuna jina jingine lililomshika. Mimi ni Pasipoti, kwa sababu nimefukuzwa kazi katika nchi sita.

— Yule dereva alikuwa amelewa, alianza Kinyozi.

— Saa moja asubuhi? aliuliza Daktari.

— Kuna watu wanalewa kwa zamu.

— Polisi walimpulizisha kile kidude chao, alisema Wakili. Hakuwa na kitu.

— Basi jua lilimpiga machoni.

— Kulikuwa na mawingu, Kinyozi. Ulilalamika mwenyewe mataulo yako hayakauki.

— Mimi naona ni ziwa, alisema Daktari. Maji yamepungua, boti ni zilezile, njia imekuwa nyembamba. Hata mshipa wa ng'ombe ukijaa mafuta...

— Usituletee bucha hapa.

— Kuna ziwa nililowahi kupikia watalii, nikasema, na wote wakaegemea nyuma kama watu wanaosubiri kudanganywa. Kule boti zinaendeshwa kutoka hotelini, kwa mitambo. Aliye ndani amekaa tu, abiria. Pengine hata huyu...

— Pengine hata wewe unaendeshwa kutoka hotelini, alisema mama muuza kahawa, anayetujazia vikombe kila siku.

Kinyozi alikohoa.

— Mnajua samaki wakubwa wanafuata mtetemo wa injini? Huenda alivutwa mguu akapelekwa kwenye njia ya boti.

Siku nyingine tungecheka mpaka tumwage vikombe. Mama muuza kahawa aliweka birika chini.

— Mtawamaliza samaki wote kwa kuwasingizia. Na ile barua je?

Barua. Mwezi wa tatu tulikuwa tumechoka. Boti zilinguruma tangu alfajiri, na honi juu yake kila zilipokata kona ya mawe. Kinyozi alishamkata mteja sikio, kidogo tu, anasema. Wakili akaandika, tukazunguka na karatasi, tukapata sahihi mia moja na arobaini: kila injini ifungwe sailensa, na honi isipigwe kabla ya saa nne asubuhi. Manispaa ikakubali, jambo lililotushangaza sisi kuliko mtu yeyote. Sahihi ya kwanza ni yangu, ina mkia mrefu kama ya waziri.

— Barua ilikuwa ya kelele, alisema Wakili taratibu. Haikuwa ya mtu.

— Fundi Saa hakutia sahihi, alisema Daktari.

— Nani amekuuliza?

— Nasema tu. Alikuja ile Jumanne tulipokuwa tunakusanya sahihi, akatuambia, "Jamani, mimi nikiwa majini uso uko chini, sioni kitu. Naogelea kwa masikio. Zikinyamaza nitazijuaje?"

— Na wewe ukamwambia avae kengele shingoni.

— Tulicheka wote.

— Mimi nilicheka kwa heshima, alisema Kinyozi.

Mke wa Fundi Saa alitokea upande wa gati, ameshika mfuko wa plastiki wenye taulo na miwani ya kuogelea. Polisi walikuwa wamemrudishia. Tulisimama sote.

— Pole sana shemeji. Karibu ukae.

Akakaa palipokuwa wazi.

— Asanteni, shemeji zangu. Sikai sana. Kesho naitwa kwenye uchunguzi. Wanataka kuandika kwamba mume wangu alikuwa mzembe. Kwamba alijua honi hazipigwi asubuhi, akaingia majini tu, na hakumwambia mtu yeyote kwamba anaona hatari.

— Mzembe? alisema Daktari. Mtu aliyekuwa akifunga duka anarudi mara tatu kuvuta kufuli?

— Ndivyo walivyoniambia. Sasa nakumbuka Jumanne moja alitoka nyumbani hata chai hajamaliza. Akasema anakwenda kuwaambia wenzake jambo, na wao watamwelewa. Aliporudi hakuongea, nami sikumuuliza.

Aliuhamisha mfuko kutoka goti moja kwenda jingine.

— Mtu mmoja tu akienda kuwaambia wachunguzi maneno yake, inatosha. Aliwaambia nini?

Wakili aliinamia vidole vyake vyenye wino. Kinyozi akageukia ziwani; boti ilikuwa inapita karibu na gati, na tuliona wimbi tu, injini hatukuisikia. Daktari alikuwa akinitazama mimi.

— Pasipoti, alisema shemeji, wewe hujawahi kusahau neno. Alisema nini?

Nilimnyooshea mama muuza kahawa kikombe changu, anijazie.

— Imekwisha, alisema, na mvuke bado unatoka kwenye birika.